Pine inakufa polepole: nani analipa?

Mu quartier zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kuna sauti moja ambayo kila nyumba inaijua mbele ya jua kutoka. Ni pompi. Mtu ameinama kando ya pikipiki, anapompa mara makumi mbili, mara makumi tatu, halafu anafinya pine na kidole, anawasha, anaenda. Kesho yake ni vile vile. Jirani akiuliza, jibu liko tayari: « Haina kitu, inapotezaka mupepe kidogo tu. »

Ile « kidogo tu » ndiyo habari yetu ya leo, maana inakula feza mingi mu nyumba za wafanyakazi, na siku moja inaweza kukula mtu.

Pine yenye kupasuka mara moja haina mabishano. Pikipiki imesimama, abiria ameshuka, kijana anaisukuma mpaka kwa kwado, analipa, kazi inaanza tena. Lakini pine yenye kufa polepole inakupa nafasi ya kujidanganya. Mangaribi imefika nyumbani ikiwa nzuri. Asubuhi imelala. Unaweka upepo, inasimama, na mchana mzima unaona sawa iko nzima. Basi unasema: nitaangalia juma lijalo. Juma lijalo linakuwa mwezi.

Tuseme wazi kwa nini inakuwa hivi. Mingi ya pikipiki zenye kubeba watu si za wale wanaoziendesha. Tata ni mfanyakazi mu kampuni, au amepata pansion, au ni mchimbaji aliyeuza mawe vizuri msimu mmoja. Ananunua pikipiki na kuipatia mtoto wa ndugu yake, au kijana wa jirani, alete « versement » kila siku. Mapatano yanafanyika mbio mbio chini ya mwembe. Matengenezo makubwa: mwenye pikipiki. Matengenezo madogo: kijana. Kutoboka ni kidogo, basi ni kwa kijana. Pine mpya ni kitu kikubwa, basi ni kwa tata.

Sasa hesabu mwenyewe. Kwa kijana, kuweka upepo ni feza kidogo tu, au bure kama iko na pompi. Kutoa gurudumu kwa kwado ni feza zaidi, na ni saa nzima bila abiria, na versement haingojei. Kwa hiyo anapompa. Hana ubaya, mapatano yenyewe ndiyo yanamfundisha kupompa. Na yule mwenye kulipa hasara mwisho, ni kusema tata, haoni kitu, juu wakati pikipiki inatembea yeye iko mu zamu. Mimi naona ni heri mwenye pikipiki alipe yeye mwenyewe kila rustini, hata ile ya kwanza, kuliko kuokoa rustini na kununua pine mbili kwa mwaka.

Na hapa ndugu zetu wa mgodi hawana udhuru. Mu kariere, kamyo kubwa haianzi zamu kama dereva hajaizunguka na kuangalia mapine. Ni sharti, na mwenye kuikosa anarudishwa. Lakini mtu yule yule akimaliza zamu anapanda pikipiki ya nyumba yake, pine ya nyuma imelala nusu, na mke na mtoto wako nyuma.

Tuone sasa kitu gani kinafanyika ndani ya ile pine laini.

Pikipiki mingi za huku, zile za 100, 125 na 150, ziko na gurudumu la reyo na mpira wa ndani, ile tunaita shambrea. Pine inashika janti kwa nguvu ya upepo tu. Upepo ukipunguka, pine inaanza kuteleza juu ya janti kila mara unapotia gesi ao unapofunga freni. Inateleza kidogo kidogo, na inavuta shambrea pamoja nayo. Lakini valvu haiwezi kutembea, maana imepita mu tundu la janti. Basi valvu inaanza kulala upande. Ukiona valvu ya pikipiki yako haisimami tena sawa, imeinama kama mtu mwenye kusikiliza mlangoni, ujue shambrea imevutwa. Siku moja inakatika pale pale mu shina, na hapo upepo wote unatoka mara moja. Ndivyo tundu dogo la mwezi mzima linakuwa ajali ya dakika moja. Na shina la valvu likikatika, rustini haifai; shambrea ni ya kutupa.

Pine laini inafanya mambo mengine pia. Kuta zake zinajikunja kila mzunguko, zinapata moto, nyuzi za ndani zinachoka, na mipasuko inaonekana pembeni. Ukiingia mu shimo la barabara na pine laini, hasa ukibeba mufuko wa mawe ao watu wawili, shambrea inabanwa kati ya janti na shimo, inatoboka matundu mawili yenye kufuatana kama meno ya nyoka. Ni kusema ulikuwa na tundu moja, sasa uko na matatu.

Halafu kuna swali la mahali upepo unapotokea. Watu mingi wanafikiri paka msumari. Msumari upo, ni kweli, lakini mu njia zetu kuna adui mwingine ambaye haonekani, na nadhani ndiye mwenye kuleta zile pine zenye kutengenezwa leo na kulala tena kesho kutwa.

Angalia barabara kubwa kutoka Kolwezi kupita Likasi mpaka Lubumbashi na Kasumbalesa. Kamyo zinapita usiku na mchana na shaba na cobalt, na mapine yao yanapasuka mu njia. Vipande vyeusi vinabaki pembeni. Ndani ya mpira wa pine ya kamyo kuna nyuzi za chuma, nyembamba sana. Mpira unasagwa na magari, nyuzi zinabaki mu mchanga, na pikipiki inapita pembeni, maana ndipo inapita siku zote juu ya kuogopa kamyo. Uzi mmoja unaingia mu pine yako. Ni mwembamba kama unywele, mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Kwa inje hauoni kitu. Ndani unatokeza ncha kidogo tu, na wakati pine imesimama bure, ncha inarudi ndani ya mpira. Ukipakia mtu, pine inabonyea, ncha inatoka na kuchoma shambrea. Tundu lake ni dogo hata mu maji linatoa paka povu moja moja.

Kwado anatoa shambrea, anaona tundu, anabandika rustini, anarudisha. Uzi uko bado mu pine. Siku mbili nyuma: « Ule kwado hajui kazi! » Wanabadilisha kwado, wanabadilisha shambrea, wengine wanasema ni jirani mwenye wivu. Kumbe ni uzi.

Kwa hiyo kazi ya kwado, usiende kunywa kitu na kurudi wakati imeisha. Simama pale. Haya ndiyo ya kuangalia.

Mbele ya kitu chochote, valvu. Lowesha kidole na mate, weka juu ya mdomo wa valvu. Povu likipanda, hakuna haja ya kutoa gurudumu. Ndani ya valvu kuna kile kipini kidogo, mafundi wanaita obus. Mimi nitasema roho ya valvu. Inafunguliwa na kifunguo kidogo, na mpya ni bei ndogo sana. Vumbi letu jekundu linaipenda: chembe moja ya mchanga inakaa chini ya kimpira chake, na upepo unatoka usiku kucha. Wakati mwingine inatosha kuifinya mara moja kwa nguvu ili upepo utupe mchanga inje, halafu kukaza. Ndiyo maana kile kifuniko cha valvu, ambacho watu wanapoteza na hawatafuti tena, kiko na kazi. Si pambo.

Valvu ikiwa nzima, gurudumu linatoka. Mtu asikudanganye na kumwaga sabuni juu ya pine ya reyo ili kutafuta tundu: upepo ukitoka mu shambrea unazunguka ndani na kutokea mahali pengine, mu tundu la valvu ao mu vichwa vya reyo. Sabuni itakuonyesha mlango, haitakuonyesha chumba. Inafaa tu kwa zile pikipiki mpya zenye janti nzima ya aluminium, zisizo na shambrea.

Kabla pine haijafunguliwa, mwambie fundi achore alama na chaki ao na jiwe jeupe juu ya pine, mbele ya valvu, na kukumbuka upande gani wa shambrea ulikuwa upande wa mnyororo. Hii inachukua nukta mbili na ni siri ya kazi yote. Maana ukipata tundu mu shambrea, unapima kutoka valvu, unarudi ku pine, unapima sawa sawa kutoka alama, na unajua mahali pa kutafuta uzi. Bila alama, utatafuta mzunguko mzima.

Tundu lenyewe linasema mengi. Likiwa upande wa inje wa shambrea, wenye kugusa pine, kitu kimepita mu pine na labda kiko bado mle. Likiwa upande wa ndani, wenye kugusa janti, usitafute msumari: ni kichwa cha reyo kimetokeza, ao ile kamba ya mpira yenye kufunika vichwa vya reyo imekatika ao imetoka mahali pake. Wengine wanakata kipande cha shambrea ya zamani na kufanya kamba mpya, na inafaa, ila isikunjike. Reyo yenye kutokeza inasuguliwa na tupa mpaka iwe laini.

Halafu pine yenyewe. Usipitishe mkono mtupu. Uzi wa chuma unakata nyama. Chukua kitambaa ao pamba, pitisha polepole ndani ya pine, kwenda na kurudi. Mahali kitambaa kinashikwa, simama. Kunja pine pale, ipindue kwa nguvu ili mpira ufunguke, na ncha itaonekana. Uivute na kibanio, ao uisukume na kitu chenye ncha kutoka inje. Ukipata mmoja, endelea, maana mara nyingi ziko mbili ao tatu. Fundi akisema « nimeangalia » na hujaona kitambaa, hajaangalia.

Juu ya rustini, sitasema mingi, mafundi wetu wanajua. Kuna ya baridi, na ile ya moto ambayo wanafunga shambrea chini ya pistoni ya zamani na kuwasha esanse kidogo ndani yake. Zote mbili ni nzuri zikifanywa kwa uvumilivu. Ya baridi inataka shambrea isuguliwe vizuri, gundi ipakwe, halafu kungoja mpaka ikauke, kidole kikigusa kisinate. Wengi wanabandika ikiwa bado maji, juu mwenye pikipiki anapiga kelele. Ya moto inataka kuachwa ipoe kabla ya kuweka upepo. Basi usipige kelele. Na kila mara, shambrea irudi mu maji nyuma ya rustini, izungushwe yote, hata kama tundu moja limeonekana tayari. Matundu yanapenda kutembea wawili.

Wakati wa kurudisha, shambrea iwekewe upepo kidogo sana kwanza, ipate umbo, isijikunje. Mingi ya shambrea mpya zinatobolewa pale pale na chuma cha fundi, na mtu anarudi nyumbani na tundu jipya alilolilipia. Pine imaliziwe upande wa valvu, na valvu isukumwe ndani kidogo ili shambrea isibanwe. Ile nati ya valvu, usiikaze juu ya janti. Iache juu, karibu na kifuniko: hivi pine ikiteleza siku moja, valvu itainama na utaona alama. Ukiikaza, itasimama sawa mpaka siku ya kukatika.

Shambrea gani ya kununua? Hapa bei inadanganya. Ziko za mpira wa mti, na ziko za mpira wa kiwandani wanaouita butyl. Ile ya mpira wa mti inapoteza upepo yenyewe mbio kuliko ya butyl, hata bila tundu. Basi mtu mwenye kuona pine inalegea kidogo kila juma na hapati povu mu maji, labda hana tundu. Angalia kama imeandikwa butyl. (Mpira wa mti, wazee wetu waliujua kwa njia mbaya. John Boyd Dunlop alipata haki ya pine yake ya upepo mwaka 1888, Ulaya na Marekani zikaanza kutaka mpira kwa wingi, na watu wa misitu ya Équateur chini ya Léopold II walilipa na mikono yao na maisha yao.)

Kuna pia zile chupa za maji ya kuziba tundu, za kumwaga kupitia valvu. Zinaweza kukufikisha nyumbani. Si dawa. Mu shambrea yenye uzi unaochoma kila siku hazishindi, na zinachafua mpira mpaka rustini haishiki vizuri. Na kwa wenye pine bila shambrea: ukiona msumari umeingia, usiuvute mu njia, maana yeye ndiye anaziba. Uvute mbele ya fundi mwenye kamba ya kuziba mkononi.

Sasa kipimo. Kidole si kipimo. Pine ya nyuma iko ngumu kwa kidole hata ikiwa imepungukiwa vibaya. Kwa pikipiki ndogo hizi, vitabu vingi vya watengenezaji vinataka karibu kilo 1,75 mbele, na nyuma kilo 2 ukiwa peke yako, kilo 2,25 ukibeba mtu; lakini soma kile kilichoandikwa juu ya yako. Wenye mashini wengine wanaandika psi: kilo moja ni karibu psi 14. Pima asubuhi pine ikiwa baridi, si nyuma ya kutembea. Na miezi ya baridi, Juni na Julai, kumbuka kwamba Kolwezi iko juu ya metre 1.400 na usiku unauma: upepo ndani ya pine unapungua karibu kilo 0,1 kwa kila digri 10 za baridi. Ukiona imeshuka hivyo asubuhi ya Julai na haishuki zaidi, lala usingizi. Ikishuka kilo nusu kwa usiku moja, hiyo si baridi.

Na kama inalala ghafla mu njia? Pine ya nyuma ikifa, kiti kinaanza kucheza upande na upande. Ya mbele ikifa, gidoni inakuwa nzito na inataka kukuangusha. Kwa zote mbili ni neno moja: usifunge freni kwa nguvu ku gurudumu lililokufa. Shika gidoni na mikono miwili, toa gesi polepole, tumia freni ya gurudumu zima kwa uangalifu, ondoka kwa upole mu njia ya kamyo. Abiria asiruke, mwambie akae kimya mpaka mmesimama. Halafu msukume. Kuendesha juu ya pine iliyolala, hata kilometre moja, kunasaga shambrea, na mara nyingi janti inapinda pia.

Mama mwenye kubaki nyumbani anaweza kusaidia sana hapa, kuliko tata mwenye kuwa mu zamu. Yeye ndiye anasikia pompi asubuhi. Akiisikia siku tatu mfululizo, aseme, na feza ya kwado itoke mu versement ya siku ile, mbele ya kuhesabu. Kijana akijua kwamba saa yake ya kwa kwado haitamletea deni, hataficha tena. Shambrea ya zamani, fundi airudishe nyumbani. Mahali ilipotobokea patasema kama ilikuwa msumari, reyo ao mufuko uliopakiwa usiku bila ruhusa.

Nyuma ya kutengeneza, pima asubuhi tatu, siku moja nyuma ya ingine, na andika ku ukuta na kipande cha makala. Ikibaki pale pale, imeisha. Ikishuka tena, rudi kwa kwado yule yule siku ile ile, na kitambaa mkononi.